Shule za Kongo na shule za Tanzania



Leo tunaongea juu ya shule. Msishangae kwamba kipindi cha amani kinaingia darasani. Kuna ugomvi unaozaliwa kila mwezi wa tisa. Mtoto aliyekulia Tanzania anarudi nyumbani. Baba yake anasema: «Huyu amemaliza la saba.» Direkta anamtia mwaka wa nne, kwa sababu hajui Kifaransa. Jirani anacheka: «Mtanzania huyo!» Mtoto anaacha shule, na ninyi mnajua ni nani wanaotafuta vijana wasio na shule huku kwetu.

Nani anadanganya hapo? Hakuna. Tuangalie mambo yalivyoanza.

Zamani pande mbili za ziwa zilikuwa na walimu wale wale. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea Karema, ng'ambo, na Mpala, upande wetu. Njia ziligawanyika baadaye. Huku kwetu, mkataba wa 1906 kati ya Leopold II na Vatikani uliweka shule mikononi mwa misioni, na Kifaransa kikawa ngazi ya kupandia kazi ya ofisi. Mobutu alizichukua shule mwaka 1974. Zikamshinda, akazirudisha kwa makanisa kwa makubaliano ya tarehe 26 Februari 1977. Ndiyo maana hata leo shule nyingi ni za serikali, lakini wanaoziongoza ni Wakatoliki, Waprotestanti au Wakimbangu.

Tanzania walifanya vingine. Mwaka 1967 Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Shule ya msingi ikawa ya Kiswahili, miaka saba, pamoja na shamba la shule. Karo ilifutwa 1973, na azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto asome. Msidhani huko kulikuwa asali tupu. Karo ilirudi pesa zilipopungua, mpaka ikafutwa tena 2001. Na mtoto akiingia sekondari anakuta Kiingereza kinamngoja mlangoni; wengi wanaanguka hapo, kama wetu wanavyoanguka kwenye Kifaransa.

Kwetu, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mzazi ndiye aliyebeba mshahara wa mwalimu kwa ile pesa tunayoiita prima. Serikali ilianza primeri ya bure mwaka 2019 tu. Basi mzazi aliyeishi Kigoma akishangaa kuombwa pesa shuleni, asiitwe mchoyo.

Sasa hiyo «la saba» inayoleta kelele. Kwa Tanzania, la saba lilikuwa mwisho wa primeri. Sera yao mpya, iliyozinduliwa 2025, ndiyo inayoileta kwenye miaka sita. Kwetu primeri ni miaka sita, na tangu sheria ya 2014 mwaka wa saba ni mwanzo wa sekondari. Jina moja, vitu viwili! Tena mwaka wao unaanza Januari, wetu Septemba.

Hata kusema «ametoka Tanzania» hakutoshi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996, ya Lugufu 1997, na watoto wa Kongo humo walifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Huyo si sawa na aliyesoma shule ya kijiji cha Watanzania. Ulizeni kwanza ni shule gani.

Na wahami wa humu ndani, ambao shule zao zilichomwa katika ugomvi wa Batwa na Baluba wa 2016 na 2017, hawana karatasi yoyote. Hao pia wapimwe kwa wanachojua.

Direkta, mpe mtoto hesabu kwa Kiswahili kabla ya kumpa imla ya Kifaransa. Akijua kugawanya na asilimia, usimkalishe na watoto wa miaka tisa. Anachokosa ni lugha, na lugha inafundishwa mchana baada ya masomo. Baba, ukubali mtoto apoteze mwaka mmoja. Mkubwa wa mtaa, uende pamoja nao siku ya kuandikisha, maana mbele yako maneno makali hupungua.

Na ile buletini ya Tanzania msiiache nyumbani. Imeandikwa Kiswahili, direkta ataisoma bila mkalimani.