Kinga ya Mwenye Kushika Sindano

Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoasisiwa mwaka 2007, na baadaye kikaanza kufundisha utabibu na uuguzi, wanafunzi wake wa awali walikuwa vijana waliozaliwa kabla ya mwaka 2002, ambao ndio mwaka Tanzania ilipoanza kuwachanja watoto wachanga homa ya ini aina ya B. Kwa hiyo hata yule ambaye mamaye hakukosa kliniki mwezi mmoja aliingia wadini akiwa na kinga ya surua na pepopunda, ilhali hana chanjo ya maradhi yanayomwandama zaidi mwenye kushika sindano.

Chanjo yenyewe ilikuwako. Baruch Blumberg, aliyevumbua kirusi cha maradhi hayo katika miaka ya 1960, alitunukiwa Nobel mwaka 1976, na chanjo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Lakini ilipita miaka 21 kabla haijamfikia mtoto mchanga wa Ugogo.

Kwamba mtumishi wa hospitali aweza kuwachanja wenziwe naye akabaki wazi, historia ya Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Oktoba 1977, huko Merca, pwani ya Somalia, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali aliyepata pia kuwa mchanjaji wa muda, alipanda gari kuwaelekeza njia waliokuwa wakisafirisha wagonjwa wa ndui. Safari ilikuwa ya dakika chache, nayo ikatosha kumwambukiza, kwani mwenyewe alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya asili.

Chanjo ya homa ya ini hudungwa mara tatu katika muda wa miezi sita, kisha damu hupimwa ili kuthibitisha kwamba kinga imeshika. Ni muda mrefu kwa mwanafunzi ambaye, asubuhi yake ya kwanza wadini, aweza kujichoma kidole akiirudishia sindano kifuniko chake. Waliozaliwa tangu mwaka 2002 ndio sasa wanaoingia vyuoni, lakini chanjo ya utotoni haina ithibati pasipo kadi ya kliniki, na kadi hiyo aghalabu imebaki sandukuni Kondoa au Mpwapwa, kama haijaliwa na mchwa. Basi ni haki chuo kuidai siku ile ile kinapodai cheti cha kidato cha sita, na asiyekuwa nayo apate dozi ya kwanza kabla hajakabidhiwa koti jeupe.