Afro Celt Sound System: Kora, zumari la Ayalandi na mashine vinavyokaa kwenye wimbo mmoja

Ukiwasikia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani nyimbo tatu zinapigwa kwa pamoja: kora ya Afrika Magharibi, zumari la Ayalandi, na chini yake mdundo wa klabu. Sikiliza tena: hakuna anayemkanyaga mwenzake. Inawezekanaje?

Wazo lilikotoka

Kundi hili lilianza Uingereza mwaka 1995. Mwanzilishi wake, mpiga gitaa na prodyuza Simon Emmerson, aliwahi kufanya kazi na mwimbaji Baaba Maal wa Senegal. Huko akashangaa kusikia melodi ya Kiafrika iliyofanana sana na wimbo wa zamani wa Ayalandi. Akakusanya wanamuziki wa pande zote mbili kwenye studio za Real World za Peter Gabriel. Albamu ya kwanza, Volume 1: Sound Magic, ikatoka 1996.

Ala zenyewe

• Kora: Ina nyuzi 21 juu ya nusu kibuyu kilichofunikwa kwa ngozi. Hupigwa kwa vidole gumba na vya shahada. Baadaye ilishikwa na N'Faly Kouyaté wa Guinea, mtoto wa ukoo wa wanamuziki wa kurithi.

• Uilleann: Ni zumari la mfuko la Ayalandi. Halipulizwi kwa mdomo. Hewa inasukumwa kwa mvukuto ulio chini ya kiwiko. Baadhi ya mabomba yake hutoa sauti moja tu isiyobadilika.

• Tama: Ngoma ndogo ya Senegal inayobanwa kwapani. Ukibana kamba zake sauti inapanda, ukilegeza inashuka.

• Bodhrán: Ngoma bapa ya Ayalandi, ya ngozi ya mbuzi, inayopigwa kwa kijiti kifupi.

• Kompyuta na sintesaiza: Zinaleta besi na mdundo wa dansi.

Siri iko kwenye hesabu

Jig, ngoma maarufu ya Ayalandi, inahesabiwa moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Ngoma nyingi za Afrika Magharibi zina mapigo manne makubwa, na kila moja limegawanyika mara tatu: jumla 12. Na muziki wa klabu? Mapigo manne, sawasawa.

Sasa unganisha. Mizunguko miwili ya jig ni 12, yaani sawa na mzunguko mmoja wa ngoma ya Kiafrika. Mashine inapiga manne yake, na ndani ya kila pigo tatu za wenzake zinaenea. Wote wanafika pamoja.

Kingine ni kwamba pande zote mbili hazihitaji kubadilisha kodi kila mara. Melodi inazunguka juu ya sauti moja iliyotulia, na sintesaiza inaweza kuishikilia sauti hiyo muda mrefu.

Panapokuwa pagumu

Mashine haimsubiri mtu. Iarla Ó Lionáird anaimba sean-nós, uimbaji wa kale wa Kiayalandi ambao kwa asili hauna ala, na mwimbaji huvuta neno anavyotaka. Ukimfunga kwenye mdundo mkali, utamu unapotea. Ndiyo maana anapoimba ngoma mara nyingi hupungua, inabaki sauti ndefu ya sintesaiza, kisha mdundo unarudi taratibu.

Msiba wa 1997

Mpiga kinanda wao, Jo Bruce, alifariki ghafla mwaka 1997 wakiwa kwenye kazi ya albamu ya pili. Wengine wakaendelea. Wimbo Release, alioimba Sinéad O'Connor, ulizaliwa na msiba huo na ukaipa jina albamu ya 1999.

Emmerson naye alifariki 2023. Ukizifungua nyimbo zao, vaa hedifoni, fuata pigo zito la chini, kisha hesabu tatu ndani ya kila pigo. Hapo utasikia walikokutana.