Mzinga wa Nyuki na Mzinga wa Vita

Wako wanafunzi wa historia wasemao kwamba majina ya silaha za moto katika Kiswahili ni ya kuazima yote, na kwamba watu wa pwani waliipokea bunduki pamoja na jina lake kama mtu apokeavyo furushi asilojua kilichomo. Kauli hiyo ni nusu ya kweli. Tukiyapanga maneno yenyewe kwa utaratibu twaona jambo jingine: kile kilichonunuliwa dukani kilikuja na jina lake, bali umbo la silaha na kazi yake viliitwa kwa maneno ya mwindaji na ya mrina asali.

Tuanze na vilivyonunuliwa. Baruti latokana na neno la Kiarabu ambalo kwanza lilikuwa jina la shura, yaani ile chumvi inayochanganywa na makaa na kiberiti hata ikapatikana baruti yenyewe. Risasi ni jina la Kiarabu la madini, nayo madini hayo ndiyo yaliyoyeyushwa kufanywa vidonge vya bunduki. Bunduki nalo lina safari ndefu zaidi. Katika Kiarabu bunduq ilikuwa kokwa ya kuliwa, iliyopata jina lake kwa Wayunani. Kisha ikawa kidonge cha udongo kilichorushwa kwa uta, na mwisho chombo chenyewe kirushacho. Kombora ni la asili ya Kiajemi, nalo lilitaja mtungi mdogo, maana kombora la zamani lilikuwa chombo cha mviringo kilichojazwa baruti. Singe limetoka Bara Hindi, na bastola limetoka Ulaya. Basi twaona kwamba hao waliotuazima walikuwa wamekwisha kuazimana wao kwa wao, na kila mmoja aliliita jambo jipya kwa jina la kitu alichokizoea nyumbani kwake.

Mswahili alifanya vivyo hivyo. Mzinga ni gogo lililotobolewa ndani, ambalo watu wa bara na wa pwani hulitundika mtini ili nyuki wafanye asali. Mtu aliyekwisha kuuona mzinga huo, umbo lake la mviringo, uwazi wake wa ndani, na ukali wa vitokavyo humo, hakuhitaji kuazima jina la kigeni alipokiona chombo kile cha shaba au chuma. Hata katika Kiganda neno omuzinga hubeba maana zote mbili.

Nao watu wa pwani hawakukijua chombo hicho kwa kukitazama tu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, kisha akaichoma moto Mombasa. Merikebu zake zilipokaribia Mombasa zilipigwa kwa mizinga iliyoopolewa kutoka chombo cha Kireno kilichovunjika pwani hiyo miaka michache kabla. Kuanzia 1593 Wareno wakajenga Ngome ya Yesu ili mizinga iilinde bandari. Waomani wakaizingira tangu 1696 hata 1698, wakaitwaa.

Sasa tuitazame bunduki yenyewe. Mtambo wake wachukua jina la chuma au mti unaotegwa ukajikunja, kama ule wa mtego. Kufyatua, kabla ya kuwa kitendo cha askari, kulikuwa kitendo cha mtego unapoachia. Kushindilia, yaani kugandamiza kitu kwa nguvu ndani ya chombo, kukawa ndiko kuijaza bunduki kwa mdomo wake, na mti wa kushindilia ukaitwa mdeki, neno la Kiarabu. Hivyo katika kazi moja ya mkono twakuta kitendo cha Kibantu na chombo cha Kiarabu, wala havigombani.

Maneno haya hayakudumu kwa bahati tu. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwazuia Waafrika wa sehemu kubwa ya bara hili kuuziwa bunduki za kisasa zijazwazo kwa nyuma, ukaruhusu zile za zamani kwa masharti. Kwa hiyo gobori na mdeki wake vikabaki vijijini, na bombomu, lililoitwa kwa sauti yake, likabaki kambini mwa serikali. Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896, jumba la Sultani lilibomolewa na mizinga ya manowari za Kiingereza kwa muda usiofika saa moja. Manowari ni neno la Kiingereza. Mzinga ni letu. Katika sentensi hiyo moja mwenye kusikiliza ataweza kutambua chombo kilikuwa cha nani.

Hapana budi basi maneno haya yafundishwe pamoja na historia, maana asiyeyajua huisoma vibaya. Katika habari za zamani kiasi si kadiri tu, bali pia ni baruti iliyopimwa kwa mlio mmoja, na baadaye ikawa risasi pamoja na ganda lake. Msomaji akikuta kwamba watu wamegawiwa viasi, akadhani ni posho ya chakula, atakuwa ameigeuza habari ya vita kuwa habari ya karamu. Vivyo hivyo fataki, irushwayo leo siku za sikukuu, ilikuwa kifuniko kidogo cha kuwashia baruti ya bunduki.

Mwenye kusema kwamba lugha hii ilipokea tu, na aulize kwanza ni nani aliyeutundika mzinga mtini kabla ya merikebu kuonekana.