Mabaraza ya Kariakoo na Mabaraza ya Intaneti

Neno "baraza" katika mwambao wetu lina maana mbili zisizoachana. Ya kwanza ni ile sakafu iliyoinuliwa mbele ya nyumba, mahali anapokaribishwa mgeni asiyekuwa maharimu bila ya kuingia ndani. Ya pili ni watu wenyewe wanaokaa hapo, na mazungumzo yao. Nyumba ikivunjwa, baraza la kwanza huondoka. La pili hutafuta pahala pengine pa kukaa. Khabari tunayotaka kuisimulia ni ya baraza hilo la pili katika mji wetu wa Dar es Salaam: namna lilivyohama Kariakoo likaingia katika intaneti, likashamiri huko muda wa miaka kumi na zaidi, kisha likapungua na kugawanyika. Vijana wengi hudhani kwamba majadiliano ya umma yalianza na simu zao. Hiyo si kweli, na ni vizuri wajue walichorithi.

Kariakoo yenyewe imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichowekwa hapo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Vita vilipokwisha, jengo walilolijenga Wajarumani likawa soko mwaka 1923. Kulizunguka soko hilo na Gerezani zikajengwa nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na baraza mbele. Wakakaa humo Wazaramo, Wamanyema, Wanubi, Washihiri, na watu wa kila kabila waliokuja mjini kutafuta riziki. Hawakuwa na redio wala simu. Gazeti likifika, asomaye husoma kwa sauti na wengine husikiliza, kisha hoja huanza.

Katika mazingira hayo ndipo ilipoanzishwa African Association mwaka 1929, na Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika mwaka 1933. Marehemu Kleist Sykes, mtoto wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajarumani, alikuwamo katika vyote viwili. Mwanawe Abdulwahid alikuja kuwa mkuu wa soko la Kariakoo katika miaka ya 1950, na Mzee Mohamed Said, aliyeandika maisha yake katika kitabu kilichotoka London mwaka 1998, ameeleza namna ofisi yake ya sokoni ilivyokuwa pahala pa kukutana watu wa siasa. Mwenye kwenda kuuza mchicha na mwenye kwenda kuzungumza khabari za kuondoka Mwingereza wakipita mlango mmoja. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba, ilizaliwa hatua chache tu kutoka hapo. Chama kile hakikushuka kutoka mbinguni. Kilitanguliwa na miaka 25 ya watu kukaa barazani na kubishana.

Baraza lilikuwa na adabu zake. Bwana Mtume (S.A.W.) aliwahadharisha Masahaba na kukaa njiani, nao waliposema kwamba hawana budi na vikao vyao, akawaambia basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuondosha udhia, kurejesha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Mzee wa Kariakoo aliyekaa kibarazani aliijua Hadithi hiyo hata kama hakusoma Bukhari wala Muslim, kwani aliikuta kwa babu yake. Tena kulikuwa na jambo jingine lililozuia ulimi: kila msemaji alijulikana ni mtoto wa nani, anaswali msikiti gani, na anashabikia timu gani. (Mabaraza ya Yanga na ya Simba yalikuwa hayasemezani tangu miaka ya 1930, lakini hiyo ni habari ndefu ya peke yake.) Mtu akisema uwongo leo, kesho jioni lazima apite pale pale.

Tangu miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa, zile nyumba za vyumba sita zikaanza kuvunjwa moja baada ya nyingine na kuinuliwa maghorofa. Penye baraza pakawa frem ya duka. Warithi waligawana fedha wakahamia Mbagala, Tabata na Gongo la Mboto, na wazee waliozoea kukutana kila alasiri wakawa wanakutana mazikoni. Siwalaumu waliouza, kiwanja cha Kariakoo ni mali na warithi ni wengi. Lakini mji ulipoteza pahala pa kusemea wakati ule ule ulipokuwa na mengi ya kusema, maana vyama vingi vilikuwa vimerudi mwaka 1992.

Huku nyuma, Marekani, walikuwa wamekwisha kubuni baraza la namna nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 1978, mjini Chicago, Ward Christensen na Randy Suess walifungiwa na theluji wakatengeneza ubao wa matangazo ndani ya kompyuta: mtu hupiga simu kwa kompyuta yake, akaacha maneno, mwengine akaja akayasoma na kuyajibu. Mwaka 1980 wanafunzi wa chuo cha Duke wakaanza mfumo mkubwa zaidi ulioitwa Usenet. Kila mwezi wa Septemba wanafunzi wapya waliingia humo kwa kelele, wakafundishwa adabu, wakatulia. Ilipofika mwaka 1993 makampuni yakaanza kuuza njia ya kuingia kwa kila mwenye pesa, wageni wakaja kila siku, na wenyeji wakauita mwezi ule Septemba isiyokwisha. Mwenyeji yeyote wa Kariakoo aliyeuona mtaa wake ukigeuka soko anaelewa walichokuwa wakisema.

Kwetu baraza hilo lilipata jina mwaka 2006, walipolianzisha vijana wawili, Maxence Melo na Mike Mushi. Mwanzo liliitwa JamboForums, na tangu 2008 likawa JamiiForums. Aliyetaka kuingia alikwenda katika duka la intaneti, akalipia nusu saa, akajiandikisha kwa jina alilolitaka. Mazungumzo yaligawanywa katika majukwaa: siasa, biashara, dini, mapenzi, historia. Anayeanzisha hoja anaanzisha "uzi," na wengine huufuata mmoja baada ya mmoja, ukurasa baada ya ukurasa. Huko kila mtu anaitwa "Mkuu," hata mwenye miaka kumi na minane, jambo ambalo sisi wazee lilituchekesha. Na walikuwako walinzi wa kufuta matusi na kumfungia nje aliyezidi.

Lililoishangaza nchi ni wepesi wa siri kutoka. Mkataba wa umeme wa Richmond ulijadiliwa humo kwa urefu, na tarehe 7 Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mwezi huo huo waanzilishi wale wawili wakakamatwa na polisi na kompyuta zao zikachukuliwa, kisha wakaachiwa. Watu wakazidi kuingia. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulipofika kupitia baharini, intaneti ikawa nyepesi, nalo baraza likajaa.

Mimi nililipenda zaidi jukwaa la historia. Mzee Mohamed Said aliingia humo kwa jina lake mwenyewe, akawa anaandika khabari za wazee wa Gerezani na Kariakoo waliosahauliwa katika historia ya TANU: nani alitoa nyumba, nani alitoa fedha, kikao gani kilikaliwa wapi. Wapinzani wake walikuwa wengi na wakali, na aghlabu walijificha nyuma ya majina ya kubuni. Wakamwambia analeta udini. Akawajibu kwa majina, mitaa na picha. Watoto wa watu waliotajwa wakajitokeza kuongeza walichokisikia kwa baba zao. Ukikubaliana naye au usikubaliane naye, khabari za vibaraza vya mababu zilikuwa zimerudi barazani, na safari hii zimeandikwa.

Hapo ndipo linapokuja suala zito, la jina la kubuni. Msengenyaji wa zamani alijulikana. Huyu wa sasa hajulikani. Zilisemwa humo habari za wake za watu, za masheikh, za wafanyabiashara wa Kariakoo, ambazo hakuna aliyekuwa tayari kuzisimamia mbele ya kadhi. Suratul Hujurat inakataza kusengenyana na kupachikana majina mabaya, na inaamrisha khabari ithibitishwe kabla ya kuamuliwa juu yake. Haikumtoa mwenye kuvaa barakoa. Malaika wa kuandika hahitaji jina lako la kujiandikishia.

Lakini serikali nayo ililishika jambo hili kwa mkono mwingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika mwaka 2015, na tarehe 13 Desemba 2016 Maxence Melo akakamatwa, kisha akafikishwa mahakama ya Kisutu. Kubwa katika mashtaka lilikuwa kwamba polisi walitaka taarifa za watu walioandika katika baraza lake naye hakuzitoa. Kesi zilikwenda miaka. Mwezi wa Aprili 2020 akahukumiwa katika moja yao faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka 1.

Je, mwenye baraza anapaswa kuwataja waliokaa kwake? Iko Hadithi aliyoipokea Abu Daud, kwamba vikao ni amana isipokuwa vikao vya namna tatu: cha kumwaga damu ya haramu, cha zinaa, na cha kuchukua mali ya watu pasina haki. Wako wanazuoni walioona udhaifu katika sanadi yake, lakini maana yake inakwenda sambamba na misingi ya dini. Basi tazama: waliokuwa wakitafutwa, aghlabu, hawakuwa waliokaa kupanga kuchukua mali, bali waliosema kwamba mali inachukuliwa. Aliyezua uwongo juu ya mwenziwe, huyo ashitakiwe na athibitishe maneno yake. Ama aliyesema kweli juu ya mali ya umma, kumtoa kwa anayemtuhumu ni khiyana, na mimi naona Bwana Melo alikuwa na hoja.

Mwaka 2018 zikaja kanuni za leseni kwa wenye kuendesha mabaraza ya mtandaoni, na mwezi wa Juni JamiiForums ikafungwa kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi. Hofu ilipunguza watu. Lakini usimpe hakimu sifa zote, kwani simu ya mkononi ilifanya kazi kubwa zaidi. Watu walihamia Facebook, Instagram, na khasa makundi ya WhatsApp, ambako kila ukoo, msikiti na darasa lina kikao chake. Huko majina yamerudi: namba ya simu inajulikana, na mtoto anajulikana ni wa nani. Hilo ni jema. Kilichopotea ni kumbukumbu. Uzi wa mwaka 2010 kuhusu mtaa wa Kipata mtu aliweza kuutafuta na kuusoma miaka mingi baadaye. Mjadala wa jana katika kundi la ukoo umekwisha zama chini ya picha za harusi na dua za Ijumaa.

Mwaka 2025 ulikuwa mgumu. Mtandao wa X ulizuiwa nchini mwezi wa Mei. Septemba, Mamlaka ya Mawasiliano ikasimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90. Na siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba, intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Zile nyuzi za wazee wa Gerezani, pamoja na masahihisho ya watoto wao, zimo ndani ya baraza hilo hilo. Kitabu cha 1998 kiko katika maktaba za watu, lakini majibizano yaliyokifuata aghlabu hayako pengine.