Sauti 32 ndani ya baiti 4,104: kompyuta ya nyumbani ilivyookoa sauti za sinthesaiza

Hebu nikuulize, msomaji: ukitengeneza sauti mpya kwenye kinanda cha elektroniki, halafu ukazima umeme, ile sauti inabaki wapi?

Mwaka 1970, Minimoog ilipoingia sokoni, jibu lilikuwa rahisi: haibaki popote. Mwanamuziki alizungusha swichi moja baada ya nyingine mpaka apate sauti anayoitaka. Akitaka kuipata tena kesho, ilibidi achukue karatasi, achore ubao wa mashine na kuweka alama kila swichi ilipoelekea. Kesho yake sauti inakaribia ile ya jana, lakini si ile ile.

Mwaka 1978 Dave Smith na kampuni yake ya Sequential Circuits wakatoa Prophet-5. Ndani yake kulikuwa na kichakato kidogo cha kompyuta kilichosoma hali ya kila swichi na kuiweka kama namba. Mashine ilikumbuka sauti 40. Hapo ndipo jambo kubwa lilipotokea: sauti ikawa orodha ya namba. Na kitu kikishakuwa namba, kinaweza kunakiliwa bila kupungua chochote.

Ila njia ya kuzitoa namba hizo nje bado ilikuwa ya kubahatisha. Mashine kadhaa za wakati huo zilitumia kaseti za kawaida, kama kompyuta za nyumbani za enzi hizo. Tepu ikijikunja, sauti zako zimekwenda.

Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM huko Marekani, Prophet-600 iliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya kampuni ya Roland ya Japani, zikaelewana. Hiyo ndiyo MIDI, lugha ya pamoja ya vyombo vya muziki. Mwaka huo huo Yamaha ikatoa DX7, iliyotumia mbinu ya FM aliyoigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967.

DX7 ilipendwa sana, lakini kuitengenezea sauti ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Kila sauti ina mipangilio zaidi ya 100, nawe una kioo kidogo cha mistari miwili na kitelezi kimoja cha kubadilisha thamani. Ukishapata sauti nzuri, huwezi kukubali ipotee. Na nafasi ndani ya mashine ni 32 tu. Ya 33 ikija, lazima moja ifutwe, au ununue katriji ya kumbukumbu, ambayo nayo inabeba sauti 32.

Basi kompyuta ya nyumbani ikaingia hapo. Commodore 64 ilihitaji kifaa cha ziada cha MIDI, lakini Atari ST ya mwaka 1985 ilikuja na matundu ya MIDI tayari. Kampuni kama Opcode na Dr. T's zikauza programu za kutunza sauti, yaani maktaba: unavuta sauti zote kutoka kwenye kinanda, unazihifadhi kwenye flopi, unazirudisha ukizihitaji.

Sasa tupige hesabu kidogo. Sauti moja ya DX7, ikishabanwa, inachukua baiti 128. Sauti 32 ni baiti 4,096. Ongeza baiti 6 za utangulizi (ikiwemo namba 67, ambayo ni kitambulisho cha Yamaha), moja ya ukaguzi na moja ya kufunga: jumla 4,104. MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na kila baiti hutumia biti 10 kwenye waya. Kwa hiyo benki nzima inapita kwa sekunde 1.3 hivi!

Linganisha na CD, ambayo hutumia baiti 176,400 kwa sekunde moja tu ya muziki. Mbona tofauti kubwa hivyo? Kwa sababu CD inahifadhi pilau lenyewe, wakati DX7 inahifadhi maelezo ya kulipika. Jiko liko ndani ya kinanda.

Ile baiti ya ukaguzi nayo ina akili. Ukijumlisha data zote pamoja nayo, biti saba za mwisho za jibu lazima ziwe sifuri. Zisipokuwa sifuri, kuna kitu kimeharibika njiani.

Flopi moja ya kilobaiti 720 ilibeba zaidi ya benki 100, na hapo tatizo likageuka: si nafasi tena, ni mpangilio. Jina la sauti lina herufi 10 tu, hivyo sauti mbili tofauti zinaweza kuwa na jina moja, au sauti moja ikawa na majina mawili. Tena MIDI huita sauti kwa namba ya nafasi yake, si kwa jina. Ukipanga upya benki, wimbo uliotaka piano unakuletea filimbi.

Kwa nini haya yakuhusu leo? Kumbukumbu ya DX7 inashikiliwa na betri ndogo ya ndani. Betri ikifa, sauti ulizotengeneza zinafutika. Mashine hizi zimepita miaka 40, na sauti ambazo hazikunakiliwa zimekufa na betri zake. Zilizonakiliwa kama ujumbe wa MIDI ulivyotumwa, bila kufungwa ndani ya muundo wa siri wa programu fulani, bado zinalia: programu ya bure iitwayo Dexed huzifungua kwenye kompyuta ya sasa. Inawezekana kwa sababu Yamaha ilichapisha maana ya kila baiti.

Kwa hiyo kama kanisani kwenu au studio kuna kinanda cha zamani chenye sauti alizotunga mtu, usianze na kubadilisha betri. Anza kuzitoa sauti kwa MIDI, weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, kisha zirudishe kwenye kinanda uzisikilize. Nakala ambayo hujaijaribu, usiitegemee.