Mhuni ni nani?

Kamusi za zamani zinamweleza mhuni kuwa mtu anayetangatanga, asiye na makao wala kazi maalumu. Wizi haumo, bangi haimo. Kosa lake ni kukosa mwenyewe: hana mke, hana mwajiri, hana mzee wa kumsemea.

Katika neno hili wakoloni wa Dar es Salaam walipata walichokuwa wakikitafuta. Kijana aliyetoka bara kutafuta kibarua, akikutwa hana risiti ya kodi wala ajira, alihesabiwa mhuni na kurudishwa kwao. Uhuru ulikuja, msako ukabaki. Mwaka 1983 kampeni ya serikali ya Nguvu Kazi iliwazoa mitaani wachuuzi wadogo wadogo waliokuwa kazini kabisa, ila kazi yenyewe haikuwa na kitambulisho.

Wanasosholojia wameliona hili, kwamba mtu anaweza kuwa mkosaji kwa jina tu. Howard Becker, ambaye alipiga piano ya jazi Chicago kabla ya kuwa profesa, alishikilia katika kitabu chake Outsiders (1963) kwamba ukengeufu haumo ndani ya tendo. Kuna wanaotunga kanuni, na kuna wanaobandikwa jina. (Mbona mkubwa aliyekula fedha za umma haitwi mhuni? Huyo mara nyingi tunasema amefuja, kitenzi chenye adabu zake.)

Bongo Fleva nayo iliitwa muziki wa kihuni. Siku hizi kampeni za uchaguzi hazijazi uwanja bila wasanii wake, na waliokuwa wakiwaita wahuni ndio wanaowatangulizia magari.