Hoteli: kula ao kulala?

Kwetu Makiso neno hoteli halisumbui mtu. Ni nyumba yenye vyumba na vitanda, kama vile Hôtel des Chutes kule kando ya mto. Mwenye njaa haendi hoteli. Anaenda ku malewa, anakaa kwa benchi, na mama anamwekea lituma na samaki.

Lakini wafanyabiashara wetu wanaopita Kasindi kwenda Kampala na Nairobi wamejifunza mengine. Mmoja wao alifika Nairobi na njaa ya siku nzima. Akauliza pa kula, wakamwonyesha: «Ingia hoteli ile.» Akakataa. Alifikiri wanamtafutia kitanda cha bei kali, na franga zilikuwa kidogo. Akalala njaa, hatua chache tu na sahani za wali na maharage.

Kosa si lake. Neno lenyewe limetembea sana. Mzizi wake ni hospes wa Kilatini, yaani mgeni, ao yule anayempokea mgeni. Wafaransa wa zamani walisema hostel. S ikaacha kutamkwa, na ile kofia juu ya ô ndiyo alama ya kaburi lake. Kwao hôtel ilikuwa pia nyumba kubwa ya mtu mwenye cheo, ao ya watu wote. Ndiyo sababu meya wetu anafanya kazi mu hôtel de ville, na hakuna anayelala humo (labda mlinzi). Hôtel-Dieu ya Paris, nayo, ni ya wagonjwa: hospitali na hoteli ni ndugu wa tumbo moja.

Waingereza walichukua hostel mapema, hotel ikafuata mu karne ya 17. Karne ya 18 ikawa nyumba ya wasafiri wanaolipa. Mu makoloni yao neno likashuka toka vyumbani hadi jikoni. Kenya na Tanzania, hata India, kibanda chenye meza mbili na sufuria ya chai kinaitwa hoteli bila haya. Mkahawa wanaujua pia, neno la kahawa, lakini mwenye njaa husema hoteli. Anayetafuta kitanda Tanzania huuliza gesti, Kenya, lojingi.

Sisi tulipata Kifaransa kwa Wabelgiji, tukabaki na kitanda.

Basi mgeni wa Nairobi akiuliza hoteli hapa Makiso, tusimkimbize mapokezini na mizigo yake. Tumuulize kwanza: «Ndugu, unataka kula ao kulala?»